Mita Mbili, Nyumba Moja

Hapa Madimba, Mtwara, wathamini tunawajua. Walipita kabla ya kujengwa kiwanda cha kuchakata gesi na bomba la kwenda Dar es Salaam lililozinduliwa 2015, wakihesabu mikorosho na minazi ya watu kwa ajili ya fidia. Ndiyo maana mama alipoona kodi ya jengo imekatwa kwenye umeme wake aliniuliza: "Nani alikuja kuipima nyumba yangu?" Hakuja mtu. Nikaanza kufuatilia, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Usibishane na thamani. Tangu Agosti 2021 kodi hii hukatwa unaponunua umeme wa LUKU, kwa kiwango mfuto. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi. Tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka, na ghorofa za mijini 7,500 kwa kila sakafu. Nyumba ya mama yenye nyufa inalipa sawa na ile ya vigae na geti kule Shangani, Mtwara mjini. Mimi naona si haki, ila hilo ni la kumpelekea mbunge wakati wa bajeti. Karani wa dirishani, Mamlaka ya Mapato (TRA), hana la kufanya.

2. Kodi ni ya jengo, si ya mita. Chumba cha uani cha mdogo wangu kina mita yake, na kodi ilikuwa inakatwa kwenye hiyo na kwenye ya mama. Tulichodai ni kwamba hii ni nyumba moja. Barua ya mtendaji wa kijiji na namba za mita zote mbili zilitosha.

3. Jina ndilo kesi yenyewe. Sheria inamsamehe mwenye miaka 60 na zaidi kwa nyumba yake anayoishi, isiyomwingizia kipato. Mama umri anao, nyumba anaishi. Lakini mita imeandikwa jina la marehemu baba, na marehemu haombi msamaha. Ikabidi turudi nyuma: kikao cha ukoo, muhtasari wenye sahihi, kisha Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi wa mirathi. Baba mdogo alinuna, akidhani tunagawana nyumba kwa siri. Kumweleza kwamba yote haya ni ya shilingi 1,500 kulikuwa kugumu kuliko kuandika barua.

4. Kutonunua umeme hakukuepushi. Mdogo wangu hukaa dago, kambi ya wavuvi, kule Msimbati miezi mizima. Kabla makato ya mita yake hayajaondolewa, kila akirudi alikuta deni linamsubiri.

5. Andika, na upate nakala iliyogongwa muhuri. Uamuzi wa TRA usioridhika nao unawekewa pingamizi ndani ya siku 30, na mbele yake ipo Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi. Maneno ya mdomo dirishani hayafiki huko.

Makato ya mita ya uani yameondolewa. Msamaha wa mama unasubiri mirathi. Nawe mwenye mzazi mzee, angalia leo mita yake ina jina la nani.