Samaki wa Ziwa Victoria na Usafi wa Maji

Watu wengi hudhani kwamba furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, walimalizwa na mbuta peke yake. Ni kweli kwamba mbuta, ambaye wengine humwita sangara, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 akawala wengi. Lakini uchafu wa maji nao ulikuwa na sehemu yake.

Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Mvua ikichukua udongo na mbolea za mashamba, na miji ikimwaga taka, mimea midogo sana ya majini hunawiri, maji yakawa mazito na mwanga usipenye. Hapo jike hushindwa kupambanua rangi, huzaa na dume wa aina nyingine, na aina mbili huwa moja. Wataalamu walieleza jambo hili mwaka wa 1997. Tena mimea hiyo ikifa na kuoza huko chini, huimaliza hewa iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi.

Basi mkulima apandaye majani ya kuzuia udongo mtelemkoni, na kuiacha miti ya kando ya mto, ni mlinzi wa samaki, ijapokuwa hana mtumbwi wala wavu.