KUNASA SAUTI NA KUIENEZA

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kwamba sauti hutokea kitu kinapotetema. Ngozi ya ngoma hutetema inapopigwa. Nyuzi nane za litungu, chombo cha muziki cha Wakurya wa mkoa wa Mara, hutetema zinapoguswa na vidole vya mpigaji. Weka vidole vyako juu ya koo lako, kisha tamka "aaa". Unahisi nini?

Mitetemo husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Mtu akiita kutoka ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mwenzake aliye ndani ya mtumbwi umbali wa mita 340 husikia baada ya sekunde 1 hivi. Kisha sauti hufifia na kwisha. Haiwezi kuokotwa kama jiwe, wala kuwekwa ghalani kama mtama.

Hata hivyo, mwanadamu amevumbua njia za kuinasa sauti kabla haijapotea. Katika somo hili utajifunza jinsi simu inavyonasa sauti, jinsi sauti hiyo inavyowafikia watu wengi, na kwa nini ni lazima kuitumia kazi hii kwa uangalifu.

A. SAUTI INAWEZA KUSOGEZA VITU

Jaribio la Kwanza

Vifaa: kopo tupu, puto, mpira wa kufungia, punje chache za ulezi, sufuria na kijiko.

Njia:
1. Kata puto, kisha ulivute juu ya mdomo wa kopo. Lifunge kwa mpira ili likaze kama ngozi ya ngoma.
2. Tawanya punje za ulezi juu ya puto hilo.
3. Shika sufuria karibu na kopo, lakini visigusane.
4. Piga sufuria kwa kijiko, kwa nguvu.

Umeona nini? Punje zimerukaruka ingawa hakuna aliyezigusa. Sufuria imeitetemesha hewa, na hewa imelitetemesha puto. Puto hilo limefanya kazi ya kiwambo. Kiwambo ni kitu chembamba kinachotetema kinapofikiwa na sauti. Ndani ya sikio lako mna kiwambo. Ndani ya maikrofoni ya simu pia mna kiwambo, kidogo kuliko punje ya mchele.

B. KUTOKA SANTURI HADI SIMU

Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza chombo cha kwanza kilichoweza kunasa sauti na kuirudisha isikike tena. Kiwambo chake kiliunganishwa na sindano. Mtu aliposema, kiwambo kilitetema, na sindano ikachora alama katika karatasi nyembamba ya madini iliyozungushwa. Sindano ilipopitishwa tena juu ya alama zile zile, maneno yalisikika.

Baadaye sauti ilinaswa katika santuri. Katika siku hizo vyombo vya kunasia vilikuwa vikubwa na vya ghali. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarabu wa Unguja, na wanamuziki wenzake walivuka bahari hadi Bombay, India, ili nyimbo zao zinaswe. Baada ya santuri zikaja kanda, ambazo zilitumiwa sana na vituo vya redio.

Fikiria faida yake. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, na mwaka 1934 alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma. Alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999. Hata hivyo, hotuba zake zilinaswa, na mtoto aliyezaliwa miaka mingi baada ya kifo chake husikia sauti ile ile waliyoisikia babu na bibi yake.

Leo chombo cha kunasia sauti kimo mfukoni mwa mvuvi, mkulima na mwalimu. Chombo hicho ni simu. Safari ya Bombay haihitajiki tena.

C. SAUTI INAGEUZWA KUWA NAMBARI

Kiwambo cha maikrofoni kinapotetema, mitetemo yake hugeuzwa kuwa mabadiliko madogo ya umeme. Simu hupima mabadiliko hayo mara nyingi sana katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama nambari. Kwa hiyo simu haiweki mlio wenyewe. Inaweka orodha ndefu ya nambari. Jaribio linalofuata litakuonyesha jinsi nambari zinavyoweza kulihifadhi umbo la wimbi.

Jaribio la Pili

Vifaa: karatasi yenye miraba na penseli.

Njia:
1. Chora mstari wa chini, kisha utie alama 9 zenye nafasi sawa. Zipe alama hizo nambari 1 hadi 9.
2. Juu ya kila alama weka nukta kwa kufuata urefu huu wa miraba: 5, 8, 10, 8, 5, 2, 0, 2, 5.
3. Unganisha nukta zote. Umepata wimbi lenye kilima kimoja na bonde moja.
4. Msomee nambari hizo mwenzako ambaye hajaona mchoro wako. Mwambie naye achore. Linganisheni michoro yenu.
5. Sasa chora upya kwa kutumia kipimo cha kwanza, cha tano na cha tisa tu, yaani 5, 5 na 5.

Umeona nini? Mara ya kwanza mwenzako amelipata wimbi lako, ingawa ulimpa nambari tupu. Mara ya pili umepata mstari ulionyooka. Kilima na bonde vimetoweka kwa sababu vipimo vilikuwa vichache mno.

Ndiyo sababu simu hupima mara nyingi. Kipimo kinachotumiwa sana ni mara 44,100 kwa kila sekunde. Ikiwa kila nambari huchukua baiti 2, basi sekunde 1 huhitaji baiti 88,200. Dakika 1 huhitaji baiti 5,292,000. Huo ni mzigo mkubwa kuupeleka kwa simu.

Kwa hiyo programu ya simu huupunguza mzigo. Huacha sehemu za sauti ambazo sikio la mtu halizitambui kwa urahisi. Mazungumzo ya kawaida yanaweza kuhifadhiwa vizuri kwa baiti 8,000 tu kwa sekunde, yaani baiti 480,000 kwa dakika. Mzigo umepungua takriban mara 11, na fedha za kununulia bando zimepungua pia.

D. JINSI SAUTI INAVYOENEZWA

Kabla ya simu hizi, sauti ya mtu mmoja iliwafikia watu wengi kwa njia ya redio. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio kuhusu afya, wakajadiliana, kisha wakafanya kazi kama vile kuchimba vyoo. Lakini ilibidi msikilizaji awe karibu na redio kwa saa iliyopangwa. Aliyechelewa alikosa kipindi.

Siku hizi kipindi kinaweza kungoja msikilizaji. Kipindi cha sauti kinachowekwa kwenye intaneti ili kila mtu akisikilize wakati autakao huitwa podikasti. Ziko programu za simu zinazomwezesha mtu kunasa kipindi kifupi, kukata sehemu zisizofaa na kukieneza. Mojawapo ilikuwa Anchor, iliyotolewa Marekani mwaka 2016. Mwaka 2019 ilinunuliwa na kampuni ya Spotify, na jina la Anchor likaachwa mwaka 2023. Programu nyingine ijulikanayo sana hapa kwetu ni WhatsApp, ambayo tangu mwaka 2013 imewawezesha watu kupelekeana ujumbe wa sauti.

Sauti husafiri kwa hatua hizi:
1. Simu hunasa sauti na kuigeuza kuwa nambari.
2. Nambari hizo husafiri kwa mawimbi ya redio hadi kwenye mnara wa simu.
3. Kutoka mnarani hupitia intaneti hadi kwenye kompyuta kubwa ya kuhifadhia.
4. Msikilizaji anapohitaji kipindi, nambari huja katika simu yake.
5. Simu yake huzigeuza nambari kuwa umeme, na umeme hukitetemesha kiwambo cha spika. Hewa hutetema, na sikio husikia.

Angalia jambo moja muhimu. Mwisho wa safari, sauti imo katika simu ya msikilizaji, na bado imo katika simu ya mpelekaji. Haikuhama. Imenakiliwa.

E. MAJI YAKIMWAGIKA HAYAZOLEKI

Tufanye hesabu. Mtu amenasa kwa siri maneno ya jirani yake, kisha akawapelekea watu 3. Kila mmoja wao akawapelekea wengine 3, na hao nao wakafanya vivyo hivyo.

Mara ya 1: watu 3
Mara ya 2: watu 9
Mara ya 3: watu 27
Mara ya 4: watu 81
Mara ya 5: watu 243
Jumla: watu 363

Mpelekaji akijuta na kuifuta sauti ile katika simu yake, amefuta nakala moja tu. Zimebaki nakala 363 ambazo hana uwezo juu yake. Wahenga walisema: maji yakimwagika hayazoleki. Maneno yaliyonaswa na kuenezwa ni kama maji hayo.

Kwa sababu hiyo sauti ya mtu ni mali yake, na inastahili kulindwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kabla ya kumnasa mtu, mwombe ruhusa. Kabla ya kueneza alichosema, mwombe ruhusa tena, kwa maana kukubali kunaswa si kukubali kuenezwa.

Jihadhari pia na uongo. Leo kompyuta zenye akili mnemba zinaweza kuiga sauti ya mtu na kumsemesha maneno ambayo hakuyasema kamwe. Ukisikia habari ya kushtua katika simu, usiieneze. Mwulize kwanza mzazi au mwalimu, na tafuta kama habari hiyo imethibitishwa mahali pengine.

F. KAZI YA VIKUNDI: KIPINDI CHA DAKIKA 2

Tuchukue mfano wa Nyakato, katika mji wa Musoma. Katika sehemu hizo za ziwa wako wazee waliovua dagaa usiku kwa mwanga wa karabai. Siku hizi wavuvi wengi hutumia taa za umeme wa jua au za betri. Mzee anajua jinsi karabai ilivyowashwa, jinsi dagaa walivyoufuata mwanga, na dalili za upepo wa hatari. Mengi ya maarifa hayo hayajaandikwa katika kitabu chochote. Mzee akifariki bila kuulizwa, maarifa hayo huondoka naye. Mwanafunzi aliyemsikiliza kwa dakika 2 tu anaweza kuyahifadhi.

Fanyeni kazi kama hiyo mahali mnapoishi, mkitumia simu ya mwalimu au ya mzazi na mkiwa pamoja naye.

1. Chagueni mzee mwenye ujuzi wa uvuvi, kilimo, ufugaji, ususi au kazi nyingine.
2. Msalimuni kwa heshima, mwelezeni kusudi lenu na ombeni ruhusa. Akikataa, mshukuruni na muondoke.
3. Andaeni maswali matatu. Yaandikeni katika daftari.
4. Tafuteni mahali patulivu. Upepo huvuma juu ya kiwambo na kufunika maneno, kwa hiyo kaeni ndani ya nyumba au nyuma ya ukuta.
5. Wekeni simu umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni mwa msemaji.
6. Anzeni kwa kutaja tarehe, mahali na jambo litakalozungumzwa. Msitaje nambari ya simu wala nyumba anamokaa mtu.
7. Mkimaliza, msikilizisheni mzee. Asilolipenda lifuteni.
8. Wekeni nakala mbili katika vyombo viwili tofauti. Simu huibwa, na simu huanguka majini.

Mwalimu na mzee wakikubaliana, kipindi kichezwe mbele ya darasa.

G. MUHTASARI

Sauti ni mitetemo, nayo huweza kukitetemesha kiwambo. Simu huipima mitetemo hiyo mara nyingi kwa sekunde na kuigeuza kuwa nambari. Nambari hunakiliwa na kusafiri mbali kwa muda mfupi. Sauti iliyonaswa huweza kuhifadhi maarifa ya wazee wetu, na sauti iliyoenezwa bila ruhusa huweza kumdhuru mtu. Sayansi hutupa chombo. Sisi wenyewe tunawajibika kwa namna tunavyokitumia.

H. MASWALI

1. Kwa nini punje za ulezi zilirukaruka ingawa sufuria haikuligusa kopo?
2. Kiwambo ni nini? Taja mahali pawili penye kiwambo.
3. Katika Jaribio la Pili, kwa nini vipimo vitatu havikutosha? Tumia kipimo cha kwanza, cha tatu, cha tano, cha saba na cha tisa. Je, wimbi linaonekana?
4. Ikiwa dakika 1 ya mazungumzo huhitaji baiti 480,000, kipindi cha dakika 5 kitahitaji baiti ngapi?
5. Eleza tofauti moja kati ya kusikiliza redio na kusikiliza podikasti.
6. Katika hesabu ya sehemu E, ni watu wangapi wangeipata sauti ile katika mara ya 6 peke yake?
7. Rafiki yako amemnasa mwanafunzi mwenzenu akilia, naye anataka kuieneza sauti hiyo ili watu wacheke. Utamwambia nini? Andika sentensi tano.