Kava ya tableti yenye kibodi: itumie bila kuumiza shingo na mikono

UKIPANDA matatu asubuhi kuelekea katikati ya jiji hutakosa kumwona mtu aliyefungua tableti mapajani, kibodi ndogo ikiwa imeshikana na kava yake, naye anachapa barua kabla hajafika kazini. Vifaa hivi vimejaa katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, na vimewafaa watu wengi ambao hawangemudu bei ya kipakatalishi. Kava hulinda kioo kisipasuke tableti ikianguka. Kibodi nayo huwasiliana na tableti kwa mawimbi ya Bluetooth, bila waya, na kumwondolea mtu taabu ya kuchapa juu ya kioo.

Hayo yote ni mazuri. Hata hivyo, miongoni mwa wagonjwa ninaowahudumia wameongezeka wanaolalamikia shingo zilizokakamaa, mabega yanayowaka moto na vidole vinavyokufa ganzi usiku. Ukiwauliza wanafanyia kazi wapi, wengi hukujibu: kitandani, kwenye kochi au mapajani.

Wiki hii basi tutazame kifaa hiki kwa jicho la tabibu. Kwa kweli kifaa chenyewe hakina hatia kubwa. Tatizo liko katika umbo lake na jinsi tunavyolitii.

Mahali penye kasoro

Tarakilishi ya zamani ya mezani ilikuwa na faida moja ambayo watu wameisahau: kioo kilikuwa mbali na kibodi. Kioo kilisimama karibu na usawa wa macho, na kibodi ikakaa chini karibu na mikono. Kwenye kava hii viwili hivyo vimeunganishwa. Ukiiweka tableti mezani ili mikono istarehe, kioo kinakuwa chini nawe unainama. Ukiinua kioo hadi usawa wa macho, mikono nayo inaning'inia hewani kama ya mpiga kinanda. Hakuna mwili unaoweza kutosheleza pande zote mbili kwa saa sita.

Aghalabu shingo ndiyo inayoshindwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikikaa wima juu ya mabega, uti wa mgongo hukibeba bila shida. Kikiinama, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta kisianguke. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo jijini New York, alichapisha hesabu zake: kichwa kikiinama kwa nyuzi 30 mzigo ulio kwenye shingo hufikia kama kilo 18, na kwa nyuzi 60 hufika kilo 27. Hizo ni hesabu zilizopigwa kwa kielelezo cha tarakilishi, hazikupimwa kwa watu hai, kwa hivyo usizichukue kama sheria. Lakini mwenendo wake ni wa kweli na waweza kuujaribu kwa ndoo ya maji: ishike karibu na tumbo, kisha unyooshe mkono mbele. Ndoo ni ile ile, ila mkono utakuambia mengine.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwachunguza watu 15 waliozoea tableti, wakiwa na kava za kawaida za kukunjwa. Walipoiweka tableti mapajani, shingo zao ziliinama sana. Walipoiegemeza mezani kwa ule mwinuko mkali zaidi ambao kava iliruhusu, ndipo shingo ilipokaribia kukaa wima. Yaani ile mifereji midogo iliyo ndani ya kava, ambayo watu wengi hawajaigusa tangu siku ya kununua, ina kazi. Tumia ule unaoisimamisha tableti zaidi.

Itenganishe

Ushauri wangu mkubwa ni huu, nao haugharimu hata shilingi moja. Kwa kuwa kibodi nyingi za aina hii hutumia Bluetooth, hazihitaji kugusana na tableti. Zitafanya kazi hata zikiwa mita kadhaa mbali. Kwa hivyo ukiwa nyumbani au ofisini ing'oe kibodi kutoka kwenye kava. Panga vitabu vinne au vitano vinene, weka tableti juu yake hadi ukingo wa juu wa kioo ukaribie usawa wa macho yako, kisha iache kibodi mezani mbele yako. Keti ukiegemeza mgongo, nyayo zote zikikanyaga sakafu, viwiko vikiwa karibu na mbavu na vimekunjwa kama pembe ya meza.

Jambo la kuchunguza kabla hujalipa: kuna kava ambazo kibodi imeshonwa haing'oki, na nyingine hupata nguvu za umeme na mawasiliano kupitia vijiti vidogo vya chuma vinavyogusa tableti. Hizo ukizitenganisha zinakufa. Mwambie mwenye duka akuonyeshe. Akikataa, nenda duka la pili; Luthuli haikosi duka la pili.

Chunguza pia ukubwa wa kibodi yenyewe. Katika kibodi ya kawaida, kutoka katikati ya kibonye kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni kama milimita 19. Kibodi za tableti ndogo hubanwa chini ya hapo, na mtu mwenye mikono mipana hulazimika kuikunja kuelekea upande wa kidole kidogo siku nzima. Kama unachapa barua mbili tu kwa siku, si neno. Kama unaandika ripoti au kufanya kazi za mtandaoni usiku kucha, nunua kibodi kamili. Na usisahau mzigo: kava yenye kibodi huweza kuwa na uzito unaokaribia wa tableti yenyewe, kwa hivyo ukiishika kwa mkono mmoja ukisoma, kidole gumba ndicho kinachoumia.

Ganzi ya vidole si ya kupuuzwa

Hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi.

Katika kifundo cha mkono kuna mfereji mwembamba, mifupa upande mmoja na ukano mgumu upande wa pili. Ndani yake hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva moja. Mfereji ukibana, neva hiyo husongwa, na mtu huhisi ganzi au michomo katika kidole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Hali hii huzidi usiku. Mgonjwa huamka na kuukung'uta mkono kama anayekausha maji. Kidole kidogo huwa kimesalimika. Ikiwa ndicho kinachokufa ganzi, basi neva nyingine inasongwa, mara nyingi kwenye kiwiko kwa sababu ya kukiegemeza mezani kwa muda mrefu.

Waweza kujipima. Kunja vifundo vyote viwili na ubandike migongo ya viganja vyako pamoja, vidole vikitazama chini, kwa dakika moja. Ganzi ikija kwenye vile vidole nilivyovitaja, nenda ukamwone daktari.

Lakini usikimbilie kuilaumu kibodi. Utafiti juu ya uhusiano wa kuchapa na ugonjwa huu haujatoa jibu moja. Sababu zinazojulikana vyema zaidi ni kisukari, ujauzito, unene, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi ipasavyo na baridi yabisi, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Alinijia mama mmoja wa umri wa miaka 46, karani, aliyeamini kwamba tableti aliyopewa kazini ndiyo iliyomlemaza. Alikuwa amenunua diklofenaki dukani na kuimeza kila siku kwa miezi mitatu, ingawa alikuwa pia akitumia dawa za shinikizo la damu. Nilimpima sukari kabla hajala chochote, ikawa 11; ikifika 7 tayari tunasema ni kisukari. Shinikizo lake lilikuwa juu na kinyesi chake kilikuwa cheusi kama lami kwa wiki nzima. Tumbo lilikuwa linavuja damu.

Tazama basi, mambo matatu. Ganzi ilikuwa ni mjumbe wa kisukari ambacho hakuna aliyekijua. Dawa ya maumivu ilikuwa imetoboa tumbo. Na dawa hiyo hiyo ilikuwa ikipandisha shinikizo na kuziweka figo hatarini. Kibodi ilikuwa na sehemu yake, labda, lakini ndogo. Alilazwa, akaongezwa damu, akaanzishiwa dawa za sukari, na kwa mkono akapewa kishikizo cha kuvaa usiku ili kifundo kisikunjike anapolala. Leo mkono umetulia.

Diklofenaki, ibuprofeni na dawa za jamii hiyo zisitumiwe zaidi ya siku chache bila ushauri wa daktari, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo. Kwa maumivu mepesi ya misuli, anza na mapumziko, kitambaa cha maji moto na parasetamoli.

Kishikizo cha usiku husaidia wengi. Wengine hudungwa sindano ya kupunguza uvimbe, na wachache hufanyiwa upasuaji mdogo wa kuupasua ule ukano. Ukichelewa mno, ile nyama iliyo chini ya kidole gumba hunywea, na mtu hushindwa kufunga vifungo vya shati au kushika sindano. Hapo hata upasuaji huenda usirudishe nguvu zote. Na tofautisha ganzi hii na ile inayokuja ghafla upande mmoja wa mwili pamoja na mdomo kupinda au maneno kukwama: hicho ni kiharusi, kimbia hospitalini saa hiyo hiyo.

Macho, mawimbi na sumaku

Kuhusu macho sina mengi. Tunapokodolea kioo tunasahau kupepesa, macho yanakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 inua uso, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Ukitumia nafasi hiyo kusimama na kuzungusha mabega, shingo nayo itakushukuru.

Wasomaji huuliza kama mawimbi ya kibodi isiyo na waya huleta saratani. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikawa na madhara, kwa kuwa ushahidi ulikuwa mdogo. Achari za kienyeji za bara Asia zimo katika kundi hilo hilo. Kibodi ya Bluetooth hutoa nguvu ndogo sana, kwa kawaida miliwati chache tu, ilhali simu inayotafuta mtandao yaweza kutoa maradufu mara nyingi, tena ikiwa imebandikwa sikioni. Mimi silali macho kwa ajili ya kibodi.

Sumaku ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, ingawa kwa watu wachache. Kava nyingi hushikana na tableti kwa sumaku kali. Mwaka 2013, katika mkutano wa wataalamu wa moyo huko Marekani, ilielezwa kwamba sumaku za tableti na kava zikilazwa kifuani zaweza kuvuruga mashine ndogo ya kurekebisha mapigo ya moyo iliyopandikizwa chini ya ngozi. Kama wewe au mzazi wako ana kifaa cha aina hiyo, msilale chali mkisoma na tableti kifuani. Iwekeni mbali na kifua angalau sentimita 15.

Usafi na betri

Kibodi huguswa na kila mtu: mtoto aliyemaliza chipsi, mgeni mwenye mafua, wewe uliyeshika vyuma vya matatu. Izime, kisha ipanguse kwa kitambaa kilicholowa kidogo spiriti ya asilimia 70. Usimwage Jik wala kuinyunyizia maji. Utafiti mmoja uliofanywa Marekani mwaka 2006 kwenye kibodi za hospitali ulionyesha kwamba hata kitambaa cha maji safi kiliondoa zaidi ya asilimia 95 ya bakteria waliowekwa kwa majaribio, kwa hivyo asiye na spiriti asiwe na kisingizio. Kisha nawa mikono kabla ya kula.

Mwisho, kumbuka kwamba umebeba betri mbili, ya tableti na ya kibodi. Usizichaji chini ya mto wala ndani ya blanketi. Ukiona kava haifungi sawasawa kama zamani, au kibodi imetuna katikati, betri imevimba. Usiibonyeze, usiitoboe na usiichaji tena. Iweke mahali pasipo na kitu cha kushika moto, kisha uipeleke kwa fundi.