Mbwa Mkali Hulelewa: Fahamu Kinachomfanya Mbwa wa Nyumbani Kuuma

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Kila mkazi anayefuga mbwa anafaa kuikumbuka methali hii, kwani tabia ya mbwa hutegemea sana malezi anayopata kwa mwenyewe. Watoto ndio huumia zaidi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Hofu ndiyo chanzo kikuu

Mbwa wengi huuma kwa sababu wanaogopa. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, mbwa mchanga hujifunza mambo ya kawaida ya maisha: wageni, watoto, pikipiki, kelele. Akifungiwa peke yake wakati huo, akikua atamwona kila mgeni kama adui.

Mnyororo nao huongeza tatizo. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa hana pa kukimbilia anapotishwa, hivyo hubaki na njia moja tu: kuuma. Akirushiwa mawe na watoto wanaotoka shuleni, atawachukia watoto wote. Wapo pia wanaomtilia pilipili au bangi kwenye chakula ili awe mkali. Huko ni kumtesa mnyama. Hakumfunzi kutofautisha mwizi na jirani.

Sababu nyingine

Maumivu ya jino, sikio au kidonda humfanya hata mbwa mpole kuuma. Mbwa aliyezaa hulinda watoto wake, na wengi hulinda chakula chao. Tabia ikibadilika ghafla, wasiliana na daktari wa mifugo. Mbwa akitokwa na mate mengi, akishindwa kumeza au akishambulia ovyo, huenda ana kichaa. Usimkaribie, toa taarifa mara moja.

Soma dalili mapema

Kabla ya kuuma, mbwa kwa kawaida huonya: mwili hukakamaa, masikio hulala nyuma, hulamba midomo, hukodoa macho au hunguruma. Kutikisa mkia si ishara ya furaha kila mara. Usimpige kwa kunguruma, kwani atajifunza kuuma bila kutoa onyo.

Wajibu wa mwenye mbwa

• Mzoeshe watu angali mdogo, na umtuze anapotulia.
• Mjengee ua au kibanda chenye nafasi badala ya mnyororo.
• Usimwache mtoto mdogo peke yake na mbwa, hata wa nyumbani.
• Mpe chanjo ya kichaa akifika miezi 3, kisha kila mwaka.
• Ongea na daktari wa mifugo kuhusu kuhasi dume; hupunguza kuzurura na kupigana na madume wengine.

Ukiumwa

Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali mara moja, hata kama ni mkwaruzo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kwa kifo. Chanjo ya mapema huokoa maisha.

Kenya imelenga kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030. Kazi hiyo inaanzia kwenye boma lako. Kwa ushauri, fika katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe.