BEGA BAADA YA KIHARUSI: KWA NINI MKONO ULIOPOOZA USIVUTWE

Mvuvi wa Ziwa Viktoria anaporusha wavu au kupiga kasia, hulitegemea bega. Katika mwili wa binadamu hakuna kiungo kinachogeuka pande nyingi kuliko hicho. Lakini wepesi huo una upungufu wake: bega hushikwa na misuli zaidi kuliko mifupa. Kiharusi kinapoipooza misuli hiyo, bega hubaki bila ulinzi.

Muundo wa bega

Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo, nacho huegemea kishimo kidogo kisicho na kina katika kombe la bega. Ni kama chungwa lililoegemezwa kwenye kisahani kilichosimamishwa wima. Kinachozuia chungwa hilo lisiporomoke ni hasa misuli minne midogo pamoja na kano zake. Mkono mmoja una takriban sehemu 1 ya 20 ya uzito wa mwili. Basi mtu mwenye kilo 60 huning'iniza kilo 3 begani mchana kutwa, wala hahisi.

Kiharusi hufanya nini?

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Upande wa kulia wa ubongo huongoza mkono wa kushoto, na wa kushoto huongoza wa kulia. Kwa hiyo hupooza mkono wa upande wa pili. Mwanzoni misuli hulegea. Zile kilo 3 huuvuta mkono chini, kichwa cha mfupa hushuka, na kidole huweza kuhisi pengo chini ya ncha ya bega. Baada ya majuma kadhaa, misuli ya wagonjwa wengi hukakamaa na kuubana mkono kifuani.

Madhara ya kuvuta

Mara nyingi ndugu humwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Nia ni njema, lakini kano zilizokwisha kulegea huumizwa. Kuupandisha mkono kwa nguvu nako kuna hatari. Mtu mwenye afya anapoinua mkono nyuzi 180, takriban nyuzi 120 hutoka katika kiungo chenyewe, na nyuzi 60 hutokana na kuzunguka kwa kombe la bega. Kombe lisipozunguka, kano hubanwa baina ya mifupa.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1990 ulilinganisha njia tatu za mazoezi kwa wagonjwa 28. Kati ya waliopandisha mkono kwa kamba na kapi, asilimia 62 walipata maumivu ya bega. Kati ya walionyoshwa taratibu na mtaalamu, asilimia 8 tu.

Tiba

Kwanza ni mkao. Mgonjwa anapoketi, mkono wake utegemezwe kwa mto au meza. Pili ni mwendo: msaidizi huweka kiganja kimoja kwenye kombe la bega na kulizungusha, huku kingine kikiuinua mkono polepole, maumivu yakianza, hukoma. Tatu ni kazi: nguvu zikirudi, mgonjwa afute meza au ashike kikombe, kwani ubongo hujifunza upya kwa kurudia. Kitambaa cha kuning'inizia mkono husaidia wakati wa kutembea. Kikivaliwa kutwa, kiungo hukaza.

Hospitali ya Bugando, iliyoanza kazi mwaka 1971 juu ya kilima huko Mwanza, hupokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa. Mgonjwa wa Ukerewe huvuka ziwa kuifikia, wala hawezi kuvuka kila siku. Saa zilizobaki, bega lake limo mikononi mwa jamaa zake. Anayemwinua na amshike kiwiliwili, asimvute mkono.

Zoezi

1. Mtu ana kilo 70. Mkono wake mmoja una takriban kilo ngapi?
2. Weka kiganja kwenye kombe la bega la mwenzako, kisha ainue mkono. Kombe linakwendaje?
3. Eleza kwa nini kapi, ambalo hurahisisha kazi, laweza kumdhuru mgonjwa.