Tuzilinde Figo Zetu Kabla Hazijachoka

SOMO LA AFYA



Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ililazimika kuvuka Mgunda Mkali, nyika kavu iliyotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Wapagazi walijaza maji vibuyuni kabla ya kuingia, wakaharakisha mwendo hadi Tura, ambako walianza tena kukuta vijiji na mashamba. Chumvi nayo haikuwa kitu cha kuchezea. Ilipatikana katika chemchemi za Uvinza, ikabebwa kwa miguu na kuuzwa kama bidhaa ya thamani.

Leo bomba la maji ya Ziwa Victoria limefika Tabora, Nzega na Igunga, na pakiti ya chumvi inapatikana katika kila genge. Hata hivyo, kiungo kinachopima maji na chumvi mwilini hakijabadilika tangu enzi za wapagazi. Kiungo hicho ni figo. Somo hili linaeleza kazi ya figo, mambo yanayoziharibu katika mazingira yetu, na sababu ya kupima mapema.

Figo hufanya kazi gani?

Kila binadamu kwa kawaida huzaliwa na figo mbili, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe. Zimekaa nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, upande huu na huu wa uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni 1. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja majimaji ya damu yapatayo lita 180, sawa na madumu 9 ya lita 20. Karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachotoka kama mkojo ni lita 1 hadi 2 tu, pamoja na taka na chumvi iliyozidi.

Figo pia husaidia kudhibiti shinikizo la damu, huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, na husaidia kuimarisha mifupa. Ndiyo maana mgonjwa wa figo huweza kuwa na upungufu wa damu na shinikizo la juu kwa wakati mmoja.

Ugonjwa unaojificha

Figo ni vumilivu. Vichujio vingine vinapokufa, vilivyobaki hubeba mzigo wa wenzao, na mtu huendelea kulima, kuuza na kusafiri bila kuhisi lolote. Anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake kabla hajaona dalili. Kuvimba miguu na uso, uchovu usioisha, kichefuchefu, kuwashwa ngozi, kupungua kwa mkojo na kupumua kwa shida mara nyingi huonekana ugonjwa ukiwa umekwenda mbali.

Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba watu wazima wapatao 7 kati ya 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, na wengi wao hawakujua. Mijini idadi ilikuwa kubwa zaidi kuliko vijijini. Hilo lisitufanye sisi wa vijijini tujione salama, kwa kuwa yapo mambo yanayotugusa kwa namna ya pekee.

Mambo yanayohatarisha figo katika mazingira yetu

Kwanza ni shinikizo la juu la damu na kisukari. Magonjwa haya mawili ndiyo visababishi vikuu vya ugonjwa sugu wa figo duniani. Shinikizo la juu huumiza mishipa midogo inayopeleka damu kwenye vichujio. Sukari iliyozidi hudhoofisha vichujio vyenyewe hadi vianze kupitisha protini kwenye mkojo. Mtu aliyeandikiwa dawa za shinikizo asiziache kwa sababu tu kichwa kimeacha kuuma, maana shinikizo huweza kuwa juu bila maumivu yoyote.

Pili ni dawa za maumivu. Baada ya siku nzima ya kuvuna tumbaku au kukesha kwenye bani, wengi hupita duka la dawa na kununua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo na viungo. Dawa hizi zina manufaa yake zikitumiwa kwa muda mfupi na kwa ushauri wa mtaalamu. Lakini hubana njia ya damu iendayo kwenye figo, na madhara huongezeka kwa mtu aliyepungukiwa maji, mzee, au mwenye shinikizo la juu. Anayezimeza kila jioni, mwezi baada ya mwezi, anapunguza maumivu ya mgongo kwa gharama ya figo. Hali ni hiyo hiyo kwa mitishamba isiyojulikana vema: baadhi ya mimea ina sumu inayoharibu figo, na kikombe cha kienyeji hakina kipimo cha dozi.

Tatu ni kichocho. Wanaolima mpunga mabondeni na watoto wanaooga malamboni wamo hatarini. Mayai ya minyoo ya kichocho cha mkojo hunasa kwenye kuta za kibofu na mirija ya mkojo, huacha makovu, na mirija husinyaa. Mkojo ukikosa njia hurudi nyuma na kuikandamiza figo. Dalili inayoonekana mapema ni damu kwenye mkojo. Katika jamii nyingi zenye kichocho, damu hiyo kwa mvulana imechukuliwa kuwa ishara ya kubalehe. Si kweli. Ni ugonjwa, na dawa yake, prazikwanteli, inafahamika na hutolewa pia katika kampeni za shuleni. Mzazi asimzuie mtoto kuimeza.

Nne ni joto na upungufu wa maji. Katika mashamba ya miwa ya Nicaragua na El Salvador, vijana wengi wameugua figo bila kuwa na kisukari wala shinikizo la juu, na wataalamu wanahusisha ugonjwa huo na kazi nzito juani pamoja na kukosa maji ya kutosha. Mkulima wa Tabora anapaswa kujifunza kutokana na hilo. Kuhara na kutapika navyo hukausha mwili haraka. Mtoto au mzee apewe maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji na apelekwe kituoni. Malaria kali pia huweza kuzizima figo ghafla, na kifafa cha mimba huziumiza figo za mama. Wenye selimundu nao wafuatiliwe kwa karibu.

Gharama ya kuchelewa

Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa hubaki na njia mbili: kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Kusafisha damu kwa kawaida hufanyika mara 3 kwa wiki, takribani saa 4 kila mara. Kwa mkulima aishiye mbali na hospitali yenye mashine, maana yake ni kuhama makazi au kuacha shamba, na familia nzima hubeba mzigo huo.

Upandikizaji, ambao zamani wagonjwa waliufuata nje ya nchi, hasa India, ulifanyika kwa mara ya kwanza nchini katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Novemba 2017, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikaanza huduma hiyo. Ni hatua ya kujivunia, lakini anayepandikizwa huhitaji mtu wa kumpa figo, na hutumia dawa maisha yote.

Tufanye nini?

1. Pima shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka. Likifika 140/90 au zaidi, rudi upimwe tena na upate ushauri.

2. Mwenye shinikizo la juu, kisukari, selimundu, au ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa figo aombe kipimo cha protini kwenye mkojo na kipimo cha damu cha kreatinini. Zahanati isipokuwa na kipimo, omba rufaa ya kituo cha afya au hospitali.

3. Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi na vyakula vya viwandani. Usiongeze chumvi mezani.

4. Beba maji safi shambani na unywe kabla kiu haijazidi. Mkojo wenye rangi ya njano iliyopauka ni dalili njema. Lakini maji mengi hayaponyi figo iliyokwisha kuharibika. Aliyepangiwa kiasi na daktari akifuate.

5. Usinunue dawa ya maumivu kwa mazoea. Mweleze muuza dawa maradhi uliyonayo, na maumivu yakidumu nenda kwa mganga.

6. Ukiona damu au povu lisiloisha kwenye mkojo, usingoje maumivu. Nenda kituoni siku hizo hizo.

Siku ya Figo Duniani huadhimishwa kila mwaka Alhamisi ya pili ya mwezi Machi. Si lazima kuisubiri. Siku yoyote unapokwenda zahanati kwa shida nyingine, omba upimwe shinikizo la damu.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni nani katika kaya yetu hajapimwa shinikizo la damu mwaka huu?
2. Ni dawa gani za maumivu tunazotunza ndani, na nani humeza kila siku?
3. Watoto wetu huoga na kuchezea maji wapi?

Imetolewa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini