Vitufe Vitatu vya Sauti kwa Kompyuta ya Kaunta

Igawa ni mji wa barabarani. Malori ya kwenda Tunduma yanapita usiku na mchana kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na msimu wa mavuno mpunga wa Usangu huongeza pilikapilika. Katikati ya kelele hizo, anayekaa kaunta ya steshenari anatoa kopi, anachapa barua ya mteja, anaingiza nyimbo kwenye flashi na kupokea simu, huku muziki wa kompyuta ukitoka kwenye sabufa. Mteja akianza kutaja majina yake matatu ya kujaza kwenye fomu, muziki unapaswa kushuka papo hapo. Jina likisikika vibaya likaandikwa vibaya, anayeteseka ni mteja, tena pengine baada ya kupanda gari hadi Rujewa kuipeleka fomu yenyewe.

Kusogeza kipanya hadi kwenye alama ya spika pale chini kulia, kuibofya na kuburuta, mara kadhaa kila saa, ni usumbufu usio wa lazima. Kompyuta ya kazi iwe na vitufe vitatu ambavyo kidole kinavijua bila jicho: cha kupandisha sauti, cha kushusha, na cha kuinyamazisha kabisa. Kwa mtu mwenye uoni hafifu, vitufe hivyo ni hitaji hasa, maana alama ile ya spika ni ndogo mno.

Kabla ya kupakua chochote, ikague kibodi yako. Laptopu karibu zote zina picha za spika kwenye baadhi ya vitufe vya mstari wa juu, kati ya F1 na F12. Ukibonyeza na sauti isibadilike, shikilia kitufe cha Fn kisha ubonyeze tena. Kwenye laptopu nyingi, kubonyeza Fn na Esc kwa pamoja hufanya picha hizo zifanye kazi bila kushikilia Fn. Kama hilo limekubali, kazi yako imekwisha. Tabu ipo kwa kompyuta za mezani, hasa zile za mtumba, ambazo aghalabu huja na kibodi ya kawaida isiyo na kitufe hata kimoja cha sauti.

Kama muziki wako wote unapigwa na VLC, huhitaji programu nyingine. Ukiwa ndani ya VLC, Ctrl na mshale wa juu hupandisha sauti, Ctrl na mshale wa chini huishusha, na herufi M huinyamazisha. Ila ukihamia Word kuchapa barua, VLC haivisikii tena vitufe hivyo. Dawa imo ndani yake yenyewe: fungua Tools, kisha Preferences, kisha Hotkeys. Utaona orodha ndefu ya kazi, na safu moja imeandikwa Global. Bofya mara mbili kwenye safu hiyo mbele ya Volume up, bonyeza mchanganyiko unaoutaka, fanya hivyo pia kwa Volume down na Mute, kisha hifadhi, funga VLC na uifungue upya. Sasa utashusha muziki huku ukiendelea kuchapa. Kumbuka tu kwamba hii ni sauti ya VLC peke yake. Video iliyofunguka kwenye intaneti itaendelea kupiga kelele kama kawaida.

Sauti ya kompyuta nzima inahitaji njia nyingine, na ninayoipendekeza ni AutoHotkey. Ni programu ya bure ya Windows, ya megabaiti chache, kwa hiyo haitakumalizia bando. Ipakue kwenye tovuti yake, autohotkey.com, na si kwenye flashi ya mtu, kwa sababu flashi zinazozunguka madukani ndizo zinazosambaza virusi. Ukishaiweka, fungua Notepad uandike mistari hii mitatu:

ScrollLock::Volume_Down
Pause::Volume_Up
Insert::Volume_Mute

Hifadhi faili kwenye Documents kwa jina sauti.ahk. Kwenye sehemu ya aina ya faili chagua All files, la sivyo Notepad itaongeza .txt mwishoni na faili haitafanya kazi. Ibofye mara mbili, na alama ya herufi H itatokea chini kulia karibu na saa. Kila ukibonyeza, sauti itasogea kwa hatua ya 2 katika 100. Ukishikilia kitufe cha kushusha, itashuka mfululizo.

Nimechagua vitufe hivyo makusudi. Viko karibu karibu upande wa juu kulia wa kibodi ya mezani, na ni nadra mtu kuvihitaji. Scroll Lock ikiguswa kwa bahati mbaya ndani ya Excel, mishale huacha kuhama kisanduku hadi kisanduku, na Insert kwenye baadhi ya programu hufanya herufi mpya zifute zilizopo. Ukivipa kazi ya sauti umeondoa na kero hizo. Usichague Ctrl, Alt na mishale: kwenye kompyuta za zamani zenye chipu ya michoro ya Intel, mchanganyiko huo hupindua skrini. Ikikutokea, Ctrl, Alt na mshale wa juu huirudisha ilivyokuwa.

Umeme ukikatika na kompyuta ikawaka upya, mistari yako haitaamka yenyewe mpaka uiagize. Shikilia kitufe cha Windows ubonyeze R, andika shell:startup, bonyeza Enter. Folda itafunguka, weka humo nakala ya sauti.ahk. Kuanzia hapo, kila kompyuta inapowashwa, vitufe viko tayari.

Asiyependa kuandika mistari, na ana Windows 10 au 11 pamoja na bando la kutosha, atumie PowerToys ya Microsoft. Ndani yake kuna Keyboard Manager, ambamo unachagua kitufe na kazi yake kwenye orodha. Ni nzito kuliko AutoHotkey na kompyuta yenye RAM ndogo itaihisi. Wenye Ubuntu hawahitaji kupakua chochote: kwenye Settings, sehemu ya Keyboard, kuna orodha ya vitufe vya sauti ya kubadilisha watakavyo.

Kuhusu sabufa, vitufe hivi havigusi kirungu chake cha sauti. Kiweke kirungu katikati kisha sauti iamuliwe na kompyuta. Kikiwa juu kabisa, hata hatua mbili tatu zitatosha kumshtua mteja.

Mkishamaliza, andikeni kazi ya kila kitufe kwa kalamu ya rangi kwenye vipande vidogo vya karatasi, mvibandike juu ya vitufe hivyo vitatu, ili anayeshika zamu ya jioni naye avijue. Na kama kompyuta ni ya shule, ya kanisa au ya ofisi ya kijiji, ombeni ruhusa kwa aliyekabidhiwa kabla ya kuweka programu yoyote.